Yule fundi amepaka mlango wa ukweni kwangu rangi ya DHAHABU. Ya dhahabu!!!

Mke_wa_Kibokoni:

Wana Mombasa nishikeni, nisije nikalala ndani leo. Naandika mikono yatetema na harufu ya thina imenijaa kichwani.

Yule fundi. Nyote mwamjua, msijifanye. Yule wa pikapu ya samawati, mwenye kurusha vidio za "kabla na baada", ambaye hakuna harusi wala matanga Mji wa Kale apitayo bila kugawa kadi. Huyo huyo. Leo amepaka mlango wetu dhahabu.

Mlango wa mbele. Wa msaji. Wa kuchonga. DHAHABU.

Nyumba ni ya ukoo wa mume wangu, ya mawe na chokaa, dari ya boriti, sakafu ile nyekundu ya kusugua. Tangu bibi yake afariki hakuna kilichoguswa: makochi ya mahameli, maua ya plastiki juu ya TV, kabati la kioo lenye vikombe ambavyo hakuna kiumbe aliyewahi kuvinywea, mapazia mazito mpaka adhuhuri wawasha taa. Mimi nataka mwanga, kuta nyeupe, pazia jepesi kusi ikivuma upepo uingie. Yeye ataka kila kitu kibaki kilivyo, hata saa ya ukutani iliyokufa zamani. Tumezozana mpaka majirani wakagawana, huyu upande wangu, yule upande wake. Mwisho tukasikizana. Makochi yatoke, samadari, kile kitanda cha kizamani, ibaki. Maua ya plastiki yaende, saa isiguswe. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, azipange yeye na vyombo vya bibi yake, mimi nisitie mkono. Kitu ambacho hatukukibishania hata siku moja ni mlango. Sote wawili twaupenda. Tukaandika kwa kalamu nene tukabandika pale pale: MLANGO USIGUSWE.

Mwajua alichofanya? Aliibandua ile karatasi, akaikunja, akawekea kopo la rangi juu yake lisichafue sakafu. Nimeiona kwa macho yangu, duara la dhahabu limekaa juu ya neno USIGUSWE.

Mimi natoka Marikiti na kikapu changu, nafika kona naona mng'aro. Nikasema labda kuna harusi, watu wamefunga taa. Kumbe mlango wetu! Wallahi meli zikiingia Kilindini usiku zitapotea njia zipande nchi kavu mpaka Ndia Kuu. Ule mfaa, mti wa katikati ya mlango uliochongwa mnyororo na mawaridi, sasa mnyororo huuoni, waridi hulioni, rangi imejaa kwenye nakshi imeganda matone matone na nywele za brashi zimenasia humo. Komeo kapaka. Bawaba kapaka. Mwaka wa Hijria uliochongwa kizingitini juu kaufukia, hausomeki tena.

Na yeye kasimama, mkono kiunoni. Mama mkwe wangu yuko barazani. Mwanamke aliyeingia kwa mlango huo akiwa bi harusi. Amwambia hivi:

"Bibi, waona? Sasa nyumba yafanana na hoteli."

HOTELI!

Mama hakujibu. Akainuka, akazunguka uchochoroni, akaingia kwa mlango wa nyuma.

Ukuta nao msiniulize. Chini palikuwa na unyevu, tukamwambia atie chokaa. Katia saruji, na juu yake rangi ya mafuta. Kila aliyelelewa nyumba ya mawe ajua ukuta wa chokaa wataka kupumua. Ukiuziba kwa saruji maji hayana pa kutokea, yapanda juu na chumvi yake, na masika ikija plasta yote yavimba yaanguka. Lakini hata hilo ningenyamaza. Hoteli jamani! Kumwambia mama wa watu, barazani kwake, hoteli!

Halafu akasema dhahabu ni nyongeza, elfu nane. Mimi na mume wangu, ambao hatujawahi kukubaliana hata rangi ya foronya, tulimjibu pamoja kwa sauti moja: TOKA.

Dagaa_Kavu:

Pole dada lakini nimecheka mpaka chai imenitokea puani. Hoteli ya nyota ngapi?

ShamsiLikoni:

Mimi namjua. Kwa shangazi yangu aliitwa kupaka choo, akapaka choo, akapaka na paka.

Mke_wa_Kibokoni:

Mwacheka? Mama hajala mpaka saa hizi. Amekataa kupita mbele kabisa. Nimemwambia tutautoa, asema "Hata mkiutoa, nshaambiwa hoteli."

MzeeKahawaTungu:

Binti yangu, shikamana na subira. Na tena usiache huo mlango ukalala hivyo. Rangi ikiwa mbichi ndipo yatoka. Msikubali mtu awashe moto wala alete mashine ya msasa, hiyo yala nakshi yote na mbao haioti tena. Tafuteni dawa ya kutoa rangi, brashi laini, na vijiti vya mianzi vya kuchokolea kwenye maua. Polepole, kipande kwa kipande. Na saruji ile ukutani ibanduliwe yote kabla ya masika, mrudishie chokaa.

Jambo jingine. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990. Sura ya mbele ya nyumba haibadilishwi ovyo, pana ofisi ya uhifadhi ya makumbusho, yafaa mwende mwaeleze wenyewe kabla hamjaulizwa.

Mke_wa_Kibokoni:

Shikamoo mzee, ahsante. Lakini yaani mimi ndiye niende nikajieleze? Yeye je? Yeye aliyesimama mkono kiunoni?

Bwana_Tudor:

Dada samahani, si ni wewe ulokuwa wataka kuta nyeupe na mwanga? Umeletewa mwanga. Mumeo angeachiwa nyumba yake na saa yake, fundi hangekanyaga hapo.

Mke_wa_Kibokoni:

Wewe Bwana_Tudor soma kabla ya kuandika. Nyeupe na dhahabu ni wapi na wapi? Mlango ulikuwa USIGUSWE. Karatasi ilikuwepo. Ameweka kopo juu yake!

MamaWaBamburi:

Mwacheni dada wa watu. Wanaume ndio tatizo. Wangu alirithi nyumba Majengo, nikamwambia tutoe yale makochi ya babake, akasema yana kumbukumbu. Kumbukumbu gani, springi zimetoka nje zachoma wageni! Shemeji yangu alichanika kanzu ya Idi.

Bwana_Tudor:

Na wanawake je? Wangu alitaka dari ya jipsam. Nyumba ya babangu, dari ya boriti za mikoko, imara, imesimama kabla sijazaliwa. Akaona kwenye simu, akalia wiki nzima, nikatia. Dari ikashuka mpaka nikivaa kofia feni yainyoa. Mvua ilipoanza pa juu pakavuja, hatukuona kwa sababu jipsam imefunika. Siku ilipoanguka ilianguka juu ya biriani.

Dagaa_Kavu:

Biriani ya kuku au ya mbuzi?

Bwana_Tudor:

Mbuzi. Wageni walikuwa washanawa mikono.

MamaWaBamburi:

Kosa la jipsam au la paa? Si ungekarabati paa kwanza! Mwanamke kataka pazuri, mwanamume kaenda kwa bei ya chini, sasa jipsam yalaumiwa.

PopooTamu:

Nyinyi mna bahati mwazungumzia dari. Sisi tulinunua kochi lile la kukunja kona, la kijivu, mume wangu alitaka la ngozi nyeusi tukabishana wee mpaka nikashinda. Limefika, njia ya kwetu Mji wa Kale gari halipiti. Hamali wakaliweka kwenye mkokoteni, mkokoteni ukafika kona ya pili ukakwama kati ya baraza mbili. Watu wakitoka msikitini wapita juu ya kochi langu na viatu mkononi, wengine wakaketi kabisa. Kuna mzee aliagiza kahawa.

MzeeKahawaTungu:

Nilikuwepo. Kochi zuri.

PopooTamu:

Ngazini halikupanda. Wakafunga kamba walipandishe dirishani, wakavunja mbao za dirisha la juu. Mume wangu asema la ngozi nyeusi lingepita. Kila siku asema hivyo. Akila asema. Akiamka usiku kunywa maji asema.

ShamsiLikoni:

La ngozi joto la Kaskazi lakushika mgongo, ukiinuka laondoka na ngozi yako. Kijivu hapo sawa.

Mke_wa_Kibokoni:

Jamani mlango! Kuna anayejua pa kupata hiyo dawa ya kutoa rangi leo, maduka hayajafungwa? Mume wangu ameanza kuchokoa kwa kijiti, amepata petali moja.

Bwana_Tudor:

PopooTamu, hao hamali walikutoza ngapi? Mimi nina kabati la mvule la milango mitatu latoka Tudor laenda Ganjoni.

PopooTamu:

Usiniulize. Wa kwangu walianza na bei ya chini, kochi lilipokwama wakasema kukwama kuna bei yake. Na kukwamua kuna bei yake.

MamaWaBamburi:

Kabati la mvule laenda Ganjoni kufanya nini na wakati kule wapangaji wote wametiwa makabati ya ukutani?

Bwana_Tudor:

Ni la mamangu. Mke wangu hataki kuliona, mimi siliuzi. Litakaa kwa dadangu.

Dagaa_Kavu:

Na dadako ataka?

Bwana_Tudor:

Bado sijamwambia.