Jumapili ya maua, Nkuhungu, Dodoma

Alhamisi

Mama wa Kona, 06:48
Mbukwenyi jamani. Mmeamkaje na baridi hii? Upepo wa usiku umeng'oa turubai la barazani, Fundi nitakuhitaji kabla ya Jumapili. Nakumbusha kwamba Jumapili hii ndiyo ile ya maua. Tuanze saa kumi na robo, ili sisi wa kuswali Alasiri tuwe tumemaliza.

Fundi Bomba, 06:53
Shikamooni. Turubai nakuja kesho nikitoka Ijumaa.

Bibi Mkunga, 06:54
Marahaba mwanangu.

Dada wa Saluni, 07:02
Maua mwezi huu? Kwangu kila kitu kimekauka, imebaki bogenvilia ya ukutani na yenyewe imejaa vumbi.

Mama wa Kona, 07:03
Hiyohiyo, ioshe tu.

Mzee wa Mpunguzi, 07:06
Alizeti nimeshavuna. Kuna chache zilizochelewa kule pembeni mwa mizabibu, vichwa vimeinama lakini njano bado ipo. Nitakata kumi kwa wasio nazo.

Dada wa Saluni, 07:07
Na zabibu Mzee?

Mzee wa Mpunguzi, 07:09
Zabibu subiri Agosti binti yangu.

Fundi Bomba, 07:15
Mwalimu hebu tueleze tena hii ya maua, mwaka jana nilikuwa Singida kikazi. Mke wangu anauliza kama ni ibada. Na mwenyekiti wa mtaa juzi kanisimamisha pale gengeni, ati tumeanzisha kanisa?

Mwalimu, 07:34
Mwambie shemeji hivi. Kila mtu anakuja na ua moja, analitia kwenye ndoo ya pamoja. Tukimaliza, kila mtu anaondoka na ua ambalo si lake. Hakuna wa kuuliza hili nani kaleta, wala kupima lipi zuri.

Aliyeanza ni Norbert Čapek, kule Prague, Juni 1923. Alikuwa mchungaji wa Kibaptisti kabla ya kuwa Myunitarian, dhehebu lisilomlazimisha mtu imani moja. Watu wake walitoka madhehebu mbalimbali na wengi hawakutaka tena kuona mkate na divai mbele yao. Akatafuta kitu ambacho hakuna atakayekitazama akasema hiki ni cha wale. Akapata ua.

Fundi Bomba, 07:36
Akaishia wapi huyo mzee?

Mwalimu, 07:41
Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata 1941, kosa kusikiliza redio ya nje. Wakamuua 1942. Mkewe Maja alikuwa Marekani wakati huo, na yeye ndiye aliyewaonyesha Waunitarian wa kule jambo hili mwaka 1940. Ndiyo maana leo linafanyika nchi nyingi. Mimi kila nikitia ua langu kwenye ile ndoo ya Mama wa Kona huwa namkumbuka yule mama, anawafundisha wageni kubadilishana maua na mume yuko huko nyuma, hajui kama atamwona tena.

Bibi Mkunga, 07:43
Masikini. Hakumwona.

Mwalimu, 07:44
Hakumwona.

Mama wa Kona, 07:50
Kuhusu mwenyekiti, hata mimi aliniuliza. Nilimkaribisha aje anywe chai asikilize mwenyewe. Si kanisa, si msikiti, ni baraza la majirani.

Mwalimu, 07:58
Na kwa haki, aliuliza vizuri, ni kazi yake. Uhuru wa imani uko kwenye Katiba ya 1977, ibara ya 19. Siku tukikua tukataka kuwa jumuiya rasmi, tutakwenda kwa Msajili wa Jumuiya, wizara iko hapahapa mjini. Lakini tusijiite tawi la Waunitarian, hatujatumwa na mtu. Wenyewe wana mizizi yao ya tangu 1568 kule Transylvania, Romania ya leo, mfalme John Sigismund alipokubali kila mji umsikilize mhubiri unaomtaka. Hapa Afrika, Cape Town wako tangu 1867. Sisi tumeazima desturi mbili tatu kwa sababu zinatufaa.

Bibi Mkunga, 08:04
Mimi ni Mwanglikana na nitazikwa na Waanglikana, andikeni hilo. Asubuhi niko kanisani. Alasiri niko kwenu, na hapo pia namwona Mungu. Asiyemwona, tunakunywa naye chai.

Dada wa Saluni, 08:10
Mwanangu anauliza kwa nini tunawasha kibatari na umeme upo 😊

Mwalimu, 08:19
Swali zuri hilo. Waunitarian wana alama ya kikombe chenye moto. Aliichora Hans Deutsch mwaka 1941, naye mwenyewe alikuwa mkimbizi kutoka Austria, yuko Lisbon, kwa ajili ya kamati yao iliyokuwa ikiwatorosha watu waliosakwa na Wanazi. Ilikuwa muhuri wa kwenye karatasi za safari, aliyeishika ajue huku kuna wa kumpokea. Kikombe hatuna, kibatari tunacho.

Bibi Mkunga, 11:27
Nina neno. Nani amemwona Mama Pacha? Jumapili tatu hajaja. Humu anasoma, naona alama za bluu, hajibu.

Dada wa Saluni, 11:40
Alikuja kusuka Jumanne. Hakusema kitu. Nilimuuliza za Jumapili akasema ana kazi ya shamba.

Mwanachuo, 12:15
Bibi shikamoo. Nadhani ni mimi.

Siku ile alipokuwa anasimulia kwamba kila asubuhi anaongea na marehemu mumewe, mimi nilidakia nikasema marehemu hasikii, mtu akifa amekwisha. Tulikuwa kwenye mada ya kifo, nikaona natoa mchango. Alianza kukunja ncha ya kanga yake. Niliona. Sikuelewa nilichokiona.

Bibi Mkunga, 12:22
Marahaba. Hata mimi niliona.

Nimepokea watoto miaka thelathini na nne. Mama akiwa kwenye uchungu humfundishi mfuko wa uzazi unavyofanya kazi, hata kama unayosema ni kweli tupu. Unampa mkono aukamate. Atauminya mpaka uume, utatulia.

Mwanachuo, 12:31
Nimekuelewa Bibi, na nimeumia. Lakini sitaweza kumwambia naamini anamsikia. Siamini. Nikisema hivyo ili nimpendeze nitakuwa nimemdanganya mtu mwenye msiba, na hilo naona ni baya zaidi.

Mama wa Kona, 12:33
Hakuna aliyekuomba useme hivyo.

Mwalimu, 12:52
Kijana, hapo uliposimama walishasimama wengi. Waunitarian wa Marekani waligombana jambo hili miaka ya 1920. Mchungaji John Dietrich wa Minneapolis alikuwa anahubiri ubinadamu mtupu, bila Mungu, na kanisa linajaa. Wenzake wengine wakasema huyu atoke. Mwaka 1933 ilipotoka Ilani ya Wahumanisti, wale wa ubinadamu bila Mungu, sehemu kubwa ya waliotia saini ilikuwa wachungaji wa Kiunitarian. Walikaribia kupasuka. Hawakupasuka, na mpaka leo anayesali na asiyesali wanakaa benchi moja. Kubaki kwenye benchi hilo ni kazi, msidhani inakuja yenyewe. Unayekaa naye jirani lazima umwangalie.

Mwanachuo, 12:55
Nimpigie simu?

Bibi Mkunga, 12:56
Usimpigie. Ulisema mbele ya watu, omba radhi mbele ya watu. Hapa hapa.

Mwanachuo, 13:20
Mama Pacha, shikamoo. Najua unasoma. Nilikukatiza ukiwa unaongea habari ya mumeo na nikakufanya ujione mjinga mbele ya majirani zako. Naomba unisamehe. Sina cha kujitetea.

Ijumaa

Fundi Bomba, 15:10
Turubai tayari. Nimeongeza na kamba nyingine upande wa barabarani.

Mama wa Kona, 15:12
Allah akulipe. Kesho saa moja asubuhi wale wa miche ya shuleni msisahau ndoo. Ile iliyopandwa wakati wa mvua imeanza kunyauka, mwarobaini miwili tu ndiyo inanawiri. Njooni na maji mliyofulia.

Dada wa Saluni, 15:30
Mwalimu, ile ya maji uliyosema ya Septemba itakuwaje? Ati kila mtu aje na maji amwage kwenye beseni moja?

Mwalimu, 15:44
Ndiyo, maji ya pale unapoishi au ulipotoka. Walianza wanawake wa Kiunitarian kule Michigan mwaka 1980, walitaka kitu kinachofanana na maisha yao wenyewe.

Bibi Mkunga, 15:46
Hao wanawake hawajawahi kupanga foleni ya madumu Nkuhungu. Tutatia kwenye beseni sawa, ila baada ya hapo yanakwenda kwenye miche, tone lisipotee.

Mwalimu, 15:47
Imepita hiyo.

Jumamosi

Mzee wa Mpunguzi, 18:05
Alizeti zimekatwa, ziko kwenye maji. Nakuja nazo na daladala ya mchana.

Mama wa Kona, 18:20
Mishumaa midogo ya sehemu ya furaha na mizigo, ile ya mtu kuwasha akisema lililo moyoni, imebaki minne. Anayepita Majengo atuletee pakiti mbili. Mwezi huu watu wana mizigo.

Fundi Bomba, 18:21
Nitaleta.

Mama Pacha, 22:47
Hamjambo. Nimesoma yote tangu Alhamisi.

Mwanachuo, marahaba. Kwamba hanisikii, hilo nimeshalifikiria mwenyewe saa nane za usiku, wewe si wa kwanza kuniambia. Halikuniua. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa sijamaliza. Nilikuwa nataka kusema huwa namwambia nini. Ukadakia wewe, Mwalimu naye akajibu yako, mkaenda na mada yenu mpaka chai ikaja. Watu zaidi ya ishirini barazani, hakuna aliyeniuliza.

Mwalimu, 22:51
Ni kweli kabisa. Nisamehe Mama Pacha. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza.

Mama wa Kona, 22:52
Na mimi nilikuwa namimina chai. Nisamehe shoga yangu.

Mwanachuo, 22:58
Ulikuwa unamwambia nini?

Mama Pacha, 23:16
Habari za uwele.

Aliupanda Desemba. Akaondoka Februari, haujatoa hata shuke. Kwa hiyo kila asubuhi nikifika shambani nilikuwa namwambia ulipofika. Umefika magotini. Umetoa mashuke. Ndege wameanza, pacha wako huku wanapiga debe kuwafukuza, mmoja anapiga mwingine analala. Alikuwa mtu wa kuuliza sana, hata akiwa safarini anapiga simu kuuliza habari ya shamba kabla hajauliza habari yangu.

Wiki hii nimemaliza kuvuna. Magunia matatu na nusu. Nimemwambia magunia matatu na nusu. Sasa asubuhi nikiamka sina la kumwambia.

Bibi Mkunga, 23:19
Mwanangu.

Dada wa Saluni, 23:20
😢😢 Na ulikaa pale kwangu saa tatu nzima ninakusuka

Mzee wa Mpunguzi, 23:24
Magunia matatu na nusu kwa mvua za mwaka huu si mchezo. Alijua kuchagua mbegu yule bwana. Nimelima naye jirani, namjua.

Mama Pacha, 23:27
Asante Mzee. Hilo ndilo nilikuwa nataka kusikia mtu akisema.

Mwanachuo, 23:33
Kesho uje tafadhali. Nitakaa kimya.

Mama Pacha, 23:38
Usikae kimya, utakuwa umeninunia. Uliza tu kwanza.

Maua sina. Nina shuke moja kubwa nililotenga kwa ajili ya mbegu. Mwalimu, linakubalika?

Mwalimu, 23:39
Linakubalika.

Mama Pacha, 23:41
Basi nalileta. Ila atakayeondoka nalo asiliweke kwenye chupa mezani. Mvua zikija alipande.

Fundi Bomba, 23:42
Likiniangukia mimi je, nimepanga chumba na sebule?

Mzee wa Mpunguzi, 23:44
Likimwangukia asiye na shamba aje Mpunguzi, nitampa matuta mawili.

Jumapili

Mama wa Kona, 08:30
Ndoo nimeisugua. Nimepanga viti ishirini na mkeka kwa watoto. Mwenyekiti wa mtaa kasema atapitia kidogo, mpokeeni vizuri, na yeye apewe ua.

Mwanachuo, 09:05
Mama Pacha, nimeongea na kijana wa bajaji. Tukupitie saa tisa na nusu?

Mama Pacha, 09:40
Saa kumi kasoro. Nafua sare za pacha. Na mje na nafasi, nina ndoo mbili za maji ya kufulia kwa ajili ya miche.