Kwa nini jibu si 2-ethilibutani?

kidato_cha_nne: Shikamooni wakubwa. Kuna swali la kutaja jina la kampaundi ya kaboni na hidrojeni: mchoro una kaboni nne zimenyooka, na C2H5 (ethili) inaning'inia kwenye kaboni ya pili. Mimi naona ni 2-ethilibutani. Majibu nyuma ya kitabu yanasema 3-methilipentani. Nisaidieni, mtihani umekaribia.

Mwl_Kemia: Marahaba mwanangu. Mnyororo mrefu kuliko yote si lazima uwe ulionyooka kwenye karatasi. Chukua penseli, weka ncha kwenye kaboni ya mwisho ya ile C2H5, panda hadi kwenye makutano, kisha fuata upande wenye CH2 na CH3. Hesabu: kaboni tano! Hiyo ni pentani. Iliyobaki pembeni ni CH3 (methili) moja tu, nayo iko kwenye kaboni ya tatu, uanzie kushoto au kulia. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka: ukiona ethili kwenye kaboni ya pili ya alkani (kaboni na hidrojeni tu, bondi moja moja), simama uhesabu upya. Mnyororo unaweza kurefushwa.

mama_wawili: Pia chora upya ukinyoosha hizo tano, utaliona jina lenyewe.

kidato_cha_nne: Nimeiona, asanteni sana! Je, kukiwa na kundi la OH, yaani alkoholi?

Mwl_Kemia: Mnyororo lazima upite kwenye kaboni yenye OH, na namba zianzie upande ulio karibu nayo. CH3CH2CH(OH)CH3 ni butani-2-oli. Ukiandika butani-3-oli, msahihishaji atakukata alama. Sasa chora isoma (miundo tofauti yenye fomula ileile) zote tano za C6H14, uziweke hapa nizione.