Duka linatimiza miaka 10, tunataka kuchangia wodi ya watoto Ligula: tuanzie wapi?

Saruji_Chuno
Wadau wa Mtwara, habari za jioni. Duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini linatimiza miaka 10 mwakani, mwezi wa 4. Tunataka sherehe ichangie wodi ya watoto, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Mpango wa awali: pilau la watu 200, tiketi za bahati nasibu za shilingi 1,000, asilimia 10 ya faida ya siku hiyo, kisha tununue mashine ya oksijeni tukaikabidhi. Naomba mnisahihishe kabla mabango hayajachapwa.

Mtunza_Leja
Ndugu, wazo ni zuri sana, ila mambo mawili yaondoe leo.

La kwanza ni bahati nasibu. Ukiuza tiketi kwa watu na mshindi akapatikana kwa kura, huo ni mchezo wa kubahatisha na unahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hata kama senti zote zinakwenda hospitali. Weka mnada wa keki. MC atangaze mapema kwamba kila anayepanda dau analipa alichotaja, apate keki au asipate, na mtu wa daftari asimame pembeni yake. Jogoo na ndoo ya korosho zilizobanguliwa nazo hunadika vizuri.

La pili ni "asilimia 10 ya faida". Mteja hawezi kuihesabu faida yako, kwa hiyo hawezi kukuamini wala kukubishia. Ahidi kitu kinachohesabika pale kaunta: shilingi 500 kwa kila mfuko wa saruji, 300 kwa kila bati, ubao uwe nje na chaki iwe inatembea. Mifuko 600 ni 300,000, kila mtu anaiona. Ukitaka lazima asilimia ya mauzo, taja kama ni kabla ya kutoa VAT au baada. Mauzo ya 3,000,000 yenye VAT ya 18% ndani yake ni 2,542,373 ukishaitoa. Asilimia 10 yake ni 254,237. Watu wanaokuwa wamepiga hesabu ya 300,000 watauliza 45,763 zimekwenda wapi, na watakuwa na haki. Risiti ya EFD inatoka kwa kila mauzo kama siku nyingine.

Michango isipite kwenye Lipa Namba ya duka. Ikishachanganyika na mauzo, kuitenganisha ni kazi, na mbele ya TRA inaonekana ni mapato yako. Njia iliyo safi zaidi ni kuiomba hospitali ikutengenezee kumbukumbu namba (control number) ya malipo ya serikali, risiti itoke kwa jina lao. Ikishindikana, fungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu, mmoja wao asiwe mtu wa duka. Ahadi ziandikwe na namba ya simu na siku ya mwisho ya kulipa, wiki mbili zinatosha. MC asijumlishe ahadi na taslimu. Hapo ndipo harambee nyingi huchafuka: inatangazwa milioni 8, inakabidhiwa milioni 3, na nyie mnaonekana wezi.

Vibali: peleka barua kwa Mkuu wa Wilaya kuhusu kuchangisha, nakala polisi kwa OCD kwa sababu ya mkusanyiko, na manispaa kama mtatumia barabara au spika za nje. Anza wiki sita kabla.

Mwana_Tandahimba
Nami naongeza la tarehe. Fedha ya huku kwetu ina msimu. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanapitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya msingi, hadi kwenye akaunti za wakulima, na Novemba na Desemba ndipo watu wanaponunua bati. Aprili mkulima anawaza palizi na salfa ya kupulizia mikorosho. Ukimwita kwenye harambee anakuja na baraka tu. Kuchangisha kuwe Jumamosi moja ya Novemba, hata kama miaka 10 inatimia Aprili.

Nesi_Wodi_ya_Watoto
Hiyo Aprili msiitupe, itumieni kwa kuchangia damu. Mvua za huku ni Desemba hadi Aprili, malaria inafuata, na watoto wanaletwa damu ikiwa imeshuka vibaya. Mtoto wa kilo 10 anaweza kuhitaji mililita 200 za damu kamili, na mtu mmoja anatoa takriban 450. Mpango wa Damu Salama wana kituo cha kanda hapa Mtwara. Waandikieni waje na vitanda vyao dukani. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, awe amekula na kunywa maji. Wanaume kila miezi mitatu, wanawake kila miezi minne.

Kuhusu mashine, kaka, usinunue kabla ya kumwandikia Mganga Mfawidhi na kuzungumza na fundi wa vifaa tiba. Kama wodi inapata oksijeni ya bomba, mashine yako itakaa stoo, na hewa ya pwani itaimaliza: ndani ya mashine kuna chembechembe zinazochuja naitrojeni kwenye hewa ili ibaki oksijeni, zikikaa miezi bila kazi zinanyonya unyevu. Itawaka, itanguruma, lakini inayotoka siyo oksijeni ya kutosha.

Wakisema wanaihitaji, uliza ya lita 10 kwa dakika yenye kigawanyio cha matundu matano, kwa sababu mtoto mchanga anatumia nusu lita hadi lita moja na mkubwa kidogo lita moja hadi mbili. Bajeti iwe na stabilaiza ya umeme, vichujio vya akiba, na mipira ya puani ya saizi za watoto. Hiyo mipira ndiyo inayosahaulika, halafu mashine mpya inakaa imezimwa kwa kukosa kitu cha bei ndogo. Umeme ukikatika inazimika, kwa hiyo mtungi wa akiba lazima uwepo.

Maziwa ya kopo msilete. Dawa zilizobakiza miezi michache pia msilete. Siku ya kukabidhi, watu watatu wanatosha, bango libaki nje ya wodi, na sura za watoto zisipigwe picha.

Saruji_Chuno
Nashukuru sana, ndugu zangu. Basi Aprili tunafanya damu, Novemba mnada wa keki na ubao wa saruji, na barua kwa Mganga Mfawidhi inakwenda wiki hii. Pilau litalipwa na duka, lisiguse mchango. Dada Nesi, swali moja: vile vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni vinavyouzwa famasi, tukinunua kumi vitafaa?

Nesi_Wodi_ya_Watoto
Kwa wachanga havifai. Kile kibano ni cha kidole cha mtu mzima; cha mtoto mchanga kinazama humo, taa haikipati vizuri, na namba inayotoka inadanganya. Ulizia chenye waya na kihisio laini cha kufunga mguuni. Nunueni viwili vya hivyo na vihisio vya akiba, kuliko kumi vya famasi.