Naomba ushauri: kupanda Wasson Peak kwa njia ya mzunguko

Ndugu zangu mnaoishi Arizona, nakusudia kumpeleka baba yangu Wasson Peak, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Tucson (mita 1,429), tukipandia njia ya miguu ya King Canyon, kisha tushuke kwa njia za Hugh Norris na Sendero Esperanza na kurejea kwa njia ya Gould Mine. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba njia hubadilikabadilika: mara mawe yaliyolegea, mara mchanga wa korongo kavu, na huko juu ni kona kali zisizo na kivuli, ambako mkono ukitafuta pa kushika hukutana na miiba ya kakati. Baba ana nguvu za kupanda, ila magoti humsumbua kwenye mteremko. Je, tuzunguke kinyume? Na mwezi wa Novemba, lita 4 za maji kwa kila mtu zitatosha?