Naomba msaada: PWM inasema, nikigeuza iwe PPM nasikia 's' tu

Mwanafunzi_Kisumu
Habari zenu wadau. Nasoma diploma ya elektroniki hapa Kisumu na mradi wangu wa mwisho unakaguliwa baada ya wiki mbili. Nimepewa kazi ya kusafirisha sauti kwa kuchezea muda wa palsi (mapigo mafupi ya umeme): kwanza upana wake (PWM), halafu mahali pake (PPM).

Nimetumia 555 tatu, zile IC za kupima muda. Ya kwanza ni saa: rezista za 1k na 8.2k, kapasita ya 10 nF, kwa hesabu inatoa kama palsi 8,300 kwa sekunde. Ya pili inapigwa na hiyo saa na kutoa palsi moja moja, 4.7k na 10 nF, na sauti ya maikrofoni naiingiza pini 5. Ya tatu, 4.7k na 1 nF, inaamshwa palsi ya pili inapokwisha. Bado natumia waya, sijafika hatua ya kutuma kwa mwanga.

Nikichukua PWM, nikaipitisha kwenye kichujio cha rezista na kapasita hadi spika, maneno yanaeleweka ingawa yanakwaruza. Nikichukua PPM kwa kichujio hichohicho, sauti inakuwa nyembamba kama mbu. Nikihesabu, "moja" na "mbili" hazipo kabisa, lakini "sita" na "saba" unaipata ile s. Nimebadilisha IC mara mbili. Osiloskopu ya chuo (ya kuonyesha mawimbi ya umeme) ni moja na foleni yake ni kama ya feri. Nifanyeje? Au nimwambie mwalimu PWM inatosha?

FundiKondele
Mdogo wangu, baki na PWM. Wiki mbili ni siku chache, na umeme ukikatika mara tatu zimebaki nane. Tengeneza kinachofanya kazi, upake rangi boksi, upite.

MamaVolti
FundiKondele, usimvunje moyo mtoto. Mwalimu ameomba PPM kwa sababu. Palsi za PPM zina upana mmoja, kwa hiyo mtumaji anatumia nguvu ileile kila palsi, na ikiwa fupi anapumzika muda mrefu. Kwenye PWM palsi inanenepa na kukonda kufuata sauti, na palsi nene inakula nguvu bure.

Swali kwako, mwanangu: kati ya 555 ya kwanza na ya pili umeweka nini?

Mwanafunzi_Kisumu
Waya tu, mama. Pini 3 (ya kutoa) ya kwanza hadi pini 2 (ya kuamsha) ya pili. Kati ya ya pili na ya tatu ndipo nimeweka 1 nF na 10k kwenda chanya.

MamaVolti
Nilijua. Piga hesabu nami. Saa yako inakaa chini kwa 0.693 × 8.2k × 10 nF, yaani mikrosekunde 57. Palsi yako ya pili, 1.1 × 4.7k × 10 nF, inataka kuisha baada ya 52. Lakini 555 haiwezi kushuka wakati pini 2 bado imekandamizwa chini. Inasubiri. Kwa hiyo sauti inapotaka palsi iwe fupi, haifupiki. Inapotaka iwe ndefu, inarefuka. Umekata nusu ya wimbi, ndiyo hayo makwaruzo. Weka 1 nF na 10k hapo pia, na dayodi ndogo kutoka pini 2 kwenda chanya ili mruko wa juu usiiumize.

Na hiyo osiloskopu usiisubiri. Toa kapasita zote za 10 nF uweke 100 µF, na za 1 nF uweke 10 µF. Kila kitu kinakwenda polepole mara elfu kumi. Weka taa ya LED na rezista yake kwenye kila pini 3, na badala ya maikrofoni weka potenshometa (rezista ya kuzungusha) kwenye pini 5. Zungusha uone kwa macho yako.

Mwanafunzi_Kisumu
Mama, nimekaa gizani na taa zangu tatu kama mganga! Kabla sijaweka kapasita, nikizungusha kushuka, taa ya pili ilikuwa inagoma kufupika ikifika karibu nusu sekunde. Nilipoiweka ikatii. Ya tatu inamulika kidogo tu, kwa muda uleule kila mara, ila mara inawahi mara inachelewa. Sasa ndiyo nimeelewa maana ya "mahali pa palsi". (Hizi kapasita kubwa hazina adabu, hesabu zinapishana, lakini tabia ni ileile.)

Nimerudisha za kawaida. PWM sasa ni safi. PPM bado ni mbu.

Transista_Nakuru
Huyo mbu hatokani na kosa lolote kwenye bodi yako. Fikiria kichujio kinafanya nini: kinatafuta wastani. Kwenye PWM, palsi ikinenepa wastani unapanda, basi sauti inatoka yenyewe. Kwenye PPM upana haubadiliki, palsi inasogea tu. Wastani utaupata wapi? Palsi zinasongamana kidogo pale sauti inapobadilika haraka, basi. Unachosikia ni kasi ya mabadiliko ya sauti, wala si sauti yenyewe. Ndiyo maana s, yenye mitetemo ya haraka, inapita, na "moja" yenye sauti nzito inapotea.

Kipokezi lazima kijue palsi ilitakiwa kuwa wapi ndipo kijue imesogea kiasi gani. Igeuze PPM irudi PWM kwanza. Tafuta CD4013, IC ya kukumbuka hali (flip-flop). Pini zake: 5 kwenye chanya, 6 kwenye hasi. Saa yako ipitishe kwenye transista ya kugeuza, kwa kuwa 555 yako ya pili inaamka saa inaposhuka na 4013 inaamka inapopanda, halafu iende pini 3. PPM iende pini 4 kufuta. Pini 8 hadi 11 zipeleke kwenye hasi zisielee. Pini 1 itakupa PWM, na kichujio chako kitafanya kazi.

Jambo la pili: chuja sauti kabla ya kuingia pini 5 ya 555 ya pili. Kila palsi ni sampuli (kipimo kimoja cha sauti). Kwa sampuli 8,300 kwa sekunde, chochote kinachozidi nusu yake kinarudi kama takataka. Simu za kawaida hukata 3,400 Hz na kuchukua sampuli 8,000. Una 4.7k na 10 nF tayari, zinakata karibu 3,390. Weka mbili mfululizo.

FundiKondele
Haya, nimenyamaza. Ila huko kwenye mwanga, usije ukatumia kile kipokezi cha miguu mitatu cha TV. Kile kinasikiliza mwanga unaotetemeka mara 38,000 kwa sekunde, palsi zako kitazidharau. Tumia fototransista (transista inayohisi mwanga).

MzeeWaMawimbi
Mnanikumbusha mbali. Waingereza kwenye vita vya pili walikuwa na mtambo wa redio, Wireless Set No. 10, ulipitisha mazungumzo 8 ya simu kwa pamoja kwenye boriti moja ya mawimbi kwa palsi za kubadilika upana, kwa valvu (taa za redio za zamani)! Kijana ana IC nne anatoka jasho.

Mwanafunzi_Kisumu
Wadau, "moja" imesikika! Dada yangu alikuwa chumba cha pili na maikrofoni, akahesabu hadi kumi, nikazipata zote. Kuna mluzi mdogo nyuma.

Lakini mwalimu amepita leo, akaangalia, akaniuliza: huo waya wa pili unaopeleka saa kwenye kipokezi, ukianza kutuma kwa mwanga utaupitisha wapi?

Transista_Nakuru
Swali zuri. Mluzi ni ile 8,300 yenyewe, ongeza kichujio kimoja mwishoni. Kuhusu saa, tuma palsi mbili kila mzunguko: moja isiyosogea mwanzoni, nyingine ya sauti. Ya kwanza ifanye ndefu zaidi ili kipokezi kizitofautishe. Una 555 ngapi zimebaki?

Mwanafunzi_Kisumu
Moja, na mguu wake mmoja umepinda.

FundiKondele
Pita kwangu kesho kabla ya saa nne, ninazo kwenye mkebe.