Mrejesho: lateksi kufanya mabonge baada ya kuongezwa polima

Asanteni wote. Niliuliza kwa nini lateksi ya polistireni (chembe ndogo za plastiki zilizotawanyika majini), chembe za nm (nanomita) 200, inafanya mabonge ikitiwa polivinili alkoholi kidogo (polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, inayoyeyuka majini), ilhali ikitiwa nyingi inatulia. Jibu lenu ndilo: polima ikiwa haba, mnyororo mmoja hushika chembe mbili na kuziunganisha. Uso wa chembe ukijaa polima, minyororo inayoning'inia majini huzitenga chembe.

Sasa namimina lateksi polepole kwenye mmumunyo wa polima huku nikikoroga, si kinyume chake. Ili kujua polima ya kutosha, eneo la uso wa chembe kwa gramu ni 6 ÷ (msongamano × kipenyo). Kwa msongamano wa 1.05 g/cm³ ni karibu m² 29 kwa gramu. Polima ikinata mg 2 kwa kila m², gramu moja ya chembe hubeba takriban mg 58. Weka ziada, maana sehemu hubaki majini.

Sabuni iliyomo kwenye lateksi iondolewe kwanza kwa dialisisi (kuipitisha kwenye utando unaozuia chembe), jamani! Inagombania uso uleule.

Baada ya saa 24 nazungusha kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili chembe zizame), kisha napima polima iliyobaki kwenye maji ya juu kwa iodini na asidi ya boriki, ambazo huipa rangi, nikipima mwanga wa urefu wa wimbi wa nm 690. Maji yakiwa na ukungu, zungusha tena: chembe zilizobaki hutawanya mwanga na kupotosha kipimo.