Dar–KIA dakika 32? Nani anawapigia hizi hesabu?

Wakuu, hizi kurasa za mtandaoni za umbali na muda kati ya viwanja vya ndege zinakera, lakini wanaokera zaidi ni mawakala wa Arusha na Moshi wanaowasomea wateja kama msahafu.

Zinasema Dar hadi KIA, yaani uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro: kilomita 450, dakika 32. Kilomita sina ugomvi nazo, ndio mstari ulionyooka angani. Dakika ndizo uzushi. Wamechukua 450 wakagawa kwa 850 kwa saa, mwendo wa jeti ikishatulia juu. ATR, ndege ya pangaboi, inakwenda kama 500 tu. Hapo bado hujahesabu kujongea hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda, kushuka na kuzunguka kabla ya kutua. Ratiba inayosema saa moja na robo haikuongopei. Ukikuta pameandikwa 280, hizo ni maili. 243 ni maili za baharini. Mtu ananakili namba, anabandika "km", kazi imeisha!

Sasa njooni kwenye "Arusha". Kwa alama za kwenye tiketi, ARK ni uwanja wa Kisongo, barabara ya Dodoma. JRO ni KIA, wilaya ya Hai. Kutoka kimoja hadi kingine ni karibu km 50 kwa mstari, barabarani karibu 60. Halafu mteja anauziwa ndege inayotua KIA saa 4 asubuhi, na kindege cha Serengeti kinachoondoka Kisongo saa 6, eti "zote ziko Arusha". Hesabu mwenyewe: mzigo kutoka nusu saa, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, kote huko vibao vya 50 na trafiki ana tochi yake ya kupimia mwendo, kisha foleni ya mjini. Lori moja likifa njiani, kindege kimeondoka. Wekeni angalau saa nne kati ya ndege na ndege, au mteja alale mjini. Wa Moshi wana nafuu, KIA kwao ni kama km 40.

Safari za nje ndiko vichekesho. Amsterdam–KIA ni km 6,900 hivi, muda wa saa nane na nusu hewani. Wakala anatoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, 10:00 hadi 19:30, anapata tisa na nusu. Anasahau kwamba kila namba ni saa ya mahali pake, na huko wanasogeza saa: kiangazi tunawazidi saa moja, baridi saa mbili. Sisi hatusogezi chochote.

Na hiyo 19:30 ni saa 1 na nusu usiku, siyo saa 7! Kuna wanaomtuma dereva mchana kweupe akakae KIA kutwa nzima.

Tena, mwenye tiketi ya JRO asimwambie dereva "nipeleke uwanja wa Arusha". Atapelekwa Kisongo, na dereva hatakuwa na kosa.